Vibati vya M6 kwenye stabilaiza ya friji: maoni ya fundi aliyevisukia

Bei kwanza, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Vibati vipya vya M6, vile vipande vyembamba vya chuma vinavyopangwa kuwa kiini cha transfoma, ni shilingi 11,000 kwa kilo, dukani Kariakoo, na muuzaji hapunguzi hata ukijuana naye vipi. Vibati vya mtumba, vile vinavyotolewa kwenye UPS (mashine za akiba ya umeme wa kompyuta) zilizokufa na kuuzwa kwa mafungu, navipata kwa 4,500. Kwa hiyo kinachotakiwa kujibiwa hapa ni kama hiyo 6,500 ya juu inarudi. Inarudi, ila si kwa vibati kama vilivyotoka dukani. Inarudi ukivipitisha tanurini kwanza, na sehemu kubwa ya maoni haya ni kuhusu hilo tanuri.

Nasuka stabilaiza, yaani mashine za kutuliza volti, na transfoma za chaja, Temeke. Wateja wangu wengi wana maduka ya vinywaji na mabucha, watu ambao friji hailali, kwa hiyo na stabilaiza hailali. Usiku watu wakizima pasi na majiko, umeme unapanda mpaka volti 260 katika baadhi ya mitaa. Transfoma iliyosukwa kwa kubahatisha inaanza kuunguruma hapo hapo, na asubuhi mteja ananipigia: "Dada, hii mashine yako inalia." Kelele hiyo mara nyingi haitoki kwenye waya. Inatoka kwenye chuma.

Nilichonunua ni vibati vyenye umbo la herufi E na I, saizi EI-96, ile ambayo mguu wa kati wa E una upana wa milimita 32. Vinakuja katika furushi la karatasi ya kahawia yenye mafuta, limefungwa kwa ukanda wa chuma, E upande mmoja na I upande wa pili. Lebo imeandikwa M6, 0.35. Rangi ni kijivu kisichong'aa, na ukipitisha kidole unasikia ukavu fulani, kama kwamba kuna ngozi juu ya chuma. Ngozi ipo kweli, nitaifikia.

Wengi wetu tunasoma lebo hizi kama jina la kampuni, kumbe ni kipimo. M6 ni jina la zamani la Kimarekani la bati lenye chembe zilizoelekezwa upande mmoja, unene wa milimita 0.35. M5 ni 0.30, M4 ni 0.27, M3 ni 0.23. Ukikutana na mtindo wa Ulaya, tuseme M140-30S, isome hivi: bati la milimita 0.30, kilo moja inapoteza wati 1.40 kwa hezi 50 ikiwa na usumaku wa tesla 1.7 (tesla ni kipimo cha nguvu ya usumaku). Mtindo wa Japani wa bati lisiloelekezwa, yaani ambalo chembe zake zimetazama pande zote, mathalani 50A800, ni milimita 0.50, wati 8.00 kwa kilo, kwa tesla 1.5. Ipo na 50A1300, na hiyo ni wati 13. Msilinganishe namba za mitindo miwili bila kutazama tesla, maana moja imepimwa kwenye 1.7 na nyingine kwenye 1.5. Ila hata bila hesabu mnaona pengo: M6 iko karibu na wati 1.1 kwa kilo kwa tesla ile ile 1.5 ambako 50A1300 inaruhusiwa kufika 13.

Muuzaji alinipokea kwa maneno yale yale ya siku zote. "Dada fundi, hii ni Japani tupu."

"Sawa kaka. Cheti chake?"

Hakuwa nacho, alikuwa na lebo tu. Basi nikapima mwenyewe. Vibati kumi vilivyobanwa pamoja vilisoma milimita 3.6 kwenye kalipa, ambayo ni sawa ukihesabu na ngozi. Nikakunja kimoja. Chuma laini cha kawaida kinakunjika na kubaki vile. Hiki kinagoma kidogo kama springi, na ukikirudisha kinyume mara chache kinakatika. Hiyo ni silikoni. Lakini silikoni haitoshi kuthibitisha M6, kwa sababu bati lisiloelekezwa nalo linaweza kuwa na silikoni nyingi tu.

Kipimo kinachomaliza ubishi ni asidi. Kwangua ngozi kwa msasa mpaka uone chuma, dondosha asidi ya kusafishia vyoo, ile kali, subiri, suuza. Kwenye bati lisiloelekezwa huoni kitu kwa macho, linabaki kijivu sawasawa. Kwenye bati hili zilijitokeza chembe kubwa zenye mipaka iliyopinda, nyingine pana kama ukucha wa kidole gumba, mfano wa yale maua unayoyaona kwenye bati jipya la kuezekea. Ukikigeuza kibati kwenye mwanga, chembe moja inang'aa na jirani yake inafifia. Nilimwonyesha muuzaji na yeye akashangaa. Amekuwa akiuza bidhaa hii bila kuona ndani yake. Vaeni glavu, na msifanye ndani ya chumba.

Chembe hizo ndizo mnazozilipia, na zinapatikana kwa namna bati linavyotengenezwa kuliko kwa kilichochanganywa ndani yake. Robert Hadfield wa Sheffield, Uingereza, alianza kutia silikoni kwenye chuma miaka ya 1880, na vipimo vya usumaku alivyofanya na wanasayansi wenzake Barrett na Brown vikatangazwa mwaka 1900. Silikoni inaongeza ukinzani: bati lenye asilimia 3 linazuia umeme kupita mara nne hadi tano kuliko chuma kitupu, kwa hiyo ile mikondo inayojizungusha ndani ya chuma na kukipasha moto inapungua. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Ila ukiongeza silikoni sana, bati linakuwa gumu na linapasuka kwenye rola, ndiyo maana viwanda vingi vimesimama kwenye asilimia 3 na kitu. Wajapani wa kampuni ya JFE wanauza lenye asilimia 6.5, lakini hawalipitishi rola likiwa na silikoni yote hiyo. Wanalitengeneza kwanza likiwa na silikoni kidogo, kisha wanaliongezea nyingine kwa gesi likiwa tayari jembamba. Bati hilo karibu halitoi mlio kabisa. Bei yake sijathubutu kuiuliza.

Kwa hiyo kuanzia hapo, mchanganyiko ukabaki ule ule na mbio zikahamia kwenye utengenezaji, yaani rola na moto. Mwaka 1934 Mmarekani Norman Goss alipata hataza ya njia yake: kulipitisha bati kwenye rola likiwa baridi, kulipasha moto, kulipitisha tena, kulipasha tena. Matokeo yake, chembe zikajipanga kwa mwelekeo mmoja. Fuwele ya chuma ina umbo la mchemraba, na usumaku unapita kwa urahisi zaidi ukifuata ukingo wa huo mchemraba. Goss alifanya kingo zilale kufuata njia ya rola. Usumaku ukipelekwa upande huo, unateleza. Ukipelekwa kwa kukatisha, unasumbuka.

Kiwandani kazi hii haina njia ya mkato. Bati linaondolewa kaboni kwa haidrojeni yenye unyevu mpaka ibaki chini ya asilimia 0.003, kwa sababu kaboni ikibaki ndani, transfoma inazeeka: miaka ikienda, kwa joto lile la kazi, upotevu unapanda taratibu. Kisha linapakwa unga wa magnesia, linaviringwa, linaingia kwenye tanuri la haidrojeni linalofika nyuzi 1,200. Humo ndani kuna vijipande vidogo mno vya manganizi na salfa vinavyozuia chembe za kawaida zisikue. Chembe chache zenye mwelekeo wa Goss ndizo zinazoponyoka na kuzimeza zilizobaki. Ile magnesia inageuka ngozi ya kioo. Juu yake inapakwa nyingine ya fosfati inayolivuta bati kidogo, na mvuto huo wenyewe unapunguza upotevu. Huo ukavu niliousikia kidoleni ndio huu.

Mwaka 1968 Yawata Steel ya Japani, ambayo baadaye iliungana na nyingine ikawa Nippon Steel, wakaingiza sokoni bati liitwalo Hi-B, wakitumia alumini na naitrojeni kwa kazi ile ile ya kuzuia, na chembe ambazo zilikuwa zimepinda kwa wastani wa nyuzi 7 hivi kutoka kwenye mstari zikabaki na 3. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakaanza kulichora bati kwa leza, mistari myembamba inayokatisha, na upotevu ukashuka tena. Nawatahadharisha na hili la leza kwa sababu nimesikia watu wanataka "ile ya leza": mistari ya kawaida ya leza inafutika ukilipika bati baada ya kulikata. Ni bati la transfoma kubwa za kusambaza umeme, ambako linakatwa vipande virefu na kupangwa kona kwa nyuzi 45 bila kupikwa tena. Kwa E na I halina faida.

Sasa tazama E yenyewe. Bati linapitisha usumaku upande mmoja tu kwa raha, lakini usumaku kwenye E unazunguka: unapanda mguu wa kati, unageuka mgongoni, unashuka miguu ya pembeni, unapita kwenye I. Aliyebuni huu mkato alikuwa na akili. E mbili zinakatwa zikiwa zimetazamana, na matundu yao mawili yanatoa I mbili, hakuna kinachotupwa. Kwa kuwa matundu yanafuata urefu wa miguu, I inatoka ikiwa na mwelekeo mzuri kwa urefu wake. Miguu yote mitatu iko sawa, I iko sawa. Mgongo wa E peke yake ndio unaokatisha. Kwa hiyo M6 ya E na I haiwezi kutoa wati zile za lebo, na muuzaji anayekuahidi hivyo anakudanganya, lakini hasara ni ndogo kuliko watu wanavyodhani.

Nilifunga kiini cha unene wa sentimita 5, kilo 2.2 hivi, nikakiwekea koili ya raundi 487, yaani mizunguko ya waya, kwa volti 230. Kwenye meza, bila mzigo, wati-mita ikasoma wati 5.1 na mkondo wa miliampea 64. Kiini cha ukubwa ule ule kwa vibati vya mtumba, chenye raundi 568 ili nikipumzishe, kilikuwa kinakula wati 14 na miliampea 160. Tofauti ilikuwa wazi tayari, lakini kwa bati la wati 1.1, wati 5.1 ni nyingi. Mgongo wa E hauelezi yote. Kilichobaki ni mkasi wa mashine.

Kukata kunaumiza chuma. Ukingo uliopondwa na kisu unaharibika usumaku wake kwa milimita kadhaa kuelekea ndani, na mguu wa pembeni wa EI-96 una upana wa milimita 16 tu, una kingo mbili. Hesabu mwenyewe ni kiasi gani kimebaki kizima. Dawa yake ni kuvipasha moto kiasi cha nyuzi 750 mpaka 840, bila hewa, kisha kuviacha vipoe polepole. Watengenezaji wazuri wanavipika kabla ya kuuza. Hivi vya kwangu havikupikwa, na lebo haikusema lolote. Hilo nalihesabu kama dosari kubwa ya bidhaa hii.

Chang'ombe kuna karakana inayotia ugumu kwenye gia na springi za malori. Mwenye tanuri ni mzee mtaratibu, anafanya kazi kwa kipimajoto cha kidijitali lakini bado anachungulia rangi ya moto kwa jicho moja. Nilimpa shikamoo, nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kuchukua gunia la mkaa.

"Mzee, mkaa hapana."

"Mkaa unakula hewa, mwanangu. Bila mkaa vitaungua viwe magamba."

"Unakula hewa, lakini unaacha kaboni. Gia zako zinaipenda kaboni. Hivi vyangu inaviua."

Alicheka, akaniambia miaka yote watu wanamletea vitu viwe vigumu, mimi nimekuja na vitu viwe laini. Tulikubaliana hivi: sanduku la bati nene lenye mfuniko, kingo zimezibwa kwa udongo wa mfinyanzi, bomba dogo la naitrojeni linaingia upande mmoja na kutoka upande mwingine. Kabla ya hapo niliviosha vibati vyote mafuta kwa petroli na kuvikausha, maana mafuta yakiungua nayo ni kaboni. Nikavipanga juu ya sahani ya chuma iliyonyooka kabisa na kuweka nyingine juu. Kwenye nyuzi 780 vibati vinalegea na kufuata umbo la kilicho chini yake. Sahani ikiwa imepinda, utatoa furushi la vijiko.

Tuliviacha saa mbili baada ya katikati ya rundo kufika kwenye joto. Hapo ndipo pa kuangalia, kwa sababu kipimajoto cha tanuri kinafika mapema sana kuliko vibati vya katikati. Mzee alipitisha waya wa pili wa kupimia ndani ya sanduku bila hata kuombwa. Kisha akazima na kufunga mlango. Kufungua chini ya nyuzi 300, si zaidi. Akikufungulia mapema ili apate nafasi ya gia za mtu, umelipia bure. Huyu hakufungua.

Vilitoka na rangi ya samawati iliyofifia kwenye kingo, kijivu katikati, hakuna gamba hata moja lililodondoka. Rangi hiyo ya kingo ni nzuri, ni ngozi nyembamba ya oksidi mahali ambapo kisu kiliacha chuma kikiwa uchi. Nikapanga kiini kile kile, koili ile ile, raundi zile zile. Wati 3.8. Miliampea 41.

Kushuka kwa wati ni robo, na mkondo umeshuka zaidi ya theluthi. Mlio sasa ni wa kusikia ukiweka sikio. Ule mlio ni wa mara 100 kwa sekunde, mara mbili ya hezi za umeme wetu, unatokana na chuma kujinyoosha na kujikunja kila usumaku unapopanda, na kibati chenye mkazo kinapiga kelele zaidi. Kiganja kinakaa juu ya kiini baada ya usiku mzima. Kwenye kile cha mtumba kiganja kinakaa pia, ila si kwa kupenda.

Raundi nazo zina habari yake. Bati la mtumba sithubutu kulipandisha zaidi ya tesla 1.2. Kwa M6 wengine wanakwenda 1.5, na raundi zingeshuka mpaka 455. Mimi nimebaki 1.4 kwa ajili ya usiku wa volti 260: hapo usumaku unafika karibu 1.58, bado kuna nafasi. Ukianzia 1.5 unafika 1.7, na kwa E na I hapo mkondo unaanza kuruka. Hata kwa 1.4, nimeokoa raundi 81 upande wa volti 230, shaba ya gramu 120 hivi kwa waya wa milimita moja. Anayejua bei ya shaba leo ataelewa kwa nini nimeitaja.

Pesa sasa. Mzee alinitoza 60,000 kwa sanduku la kilo 40, yaani 1,500 kwa kilo. Kiini kizima cha M6 kilichopikwa kinanigharimu kama 27,500, cha mtumba 10,000. Tofauti ya wati ni 10, saa zote, mwaka mzima: uniti 87 na ushee. Kwa uniti ya shilingi 356 hivi, mwenye bucha anaokoa kama 31,000 kwa mwaka, kwa hiyo nyongeza ya 17,500 anairudisha katika miezi saba, bila kuhesabu shaba. Ukisuka chaja inayochomekwa saa mbili kwa siku, hesabu hii inakufa. Hapo chukua 50A800 mpya, inauzwa karibu 6,500 kwa kilo, kwa kiini hiki inakula wati tisa hivi, na hakuna atakayelalamika.

Kuhusu mtumba, sisemi msinunue. Kibaya si umri wake, ni namna vilivyotolewa. Transfoma kuukuu inatupwa kwenye moto wa wazi ili vanishi iungue, kisha vibati vinatenganishwa kwa nyundo na bisibisi. Moto umekula ngozi ya kuhami, nyundo imerudisha mkazo wote ambao kiwanda kilikuwa kimeuondoa. Fungu langu la mwisho lilikuwa na 0.35 na 0.50 pamoja, na baadhi vilikuwa vimenyooshwa baada ya kupinda. Unaweza kuwa umeshika M6 halisi hapo ndani na inafanya kazi kama bati la kopo. Ukikuta mtu anayeloweka vanishi kwenye dawa badala ya kuchoma, na anatenganisha kwa kisu butu, mng'ang'anie huyo.

Na vibati vipya mnaviharibu wenyewe. Nimeona viini vimepigiwa mstari wa welding ubavuni ili visilegee. Mstari huo umeviunganisha vibati vyote kimoja, na kazi yote ya kuvitenganisha kwa ngozi imepotea hapo. Nimeona mtu anasawazisha kingo kwa grainda. Nyundo ya mpira, bolti zenye mikono ya karatasi ya kuhami, vanishi, basi.

Dosari nyingine za bidhaa hii: zile ncha zinazobaki ukingoni baada ya kukatwa. Kwenye nusu ya furushi langu zilikuwa ndogo, ukucha haukwami. Nusu nyingine ukucha ulikuwa unakwama kila mara, ishara ya kisu kilichochoka. Nilivipanga vyote ncha zikitazama upande mmoja ili zisitoboe ngozi ya jirani, lakini hilo lilipaswa kuwa kazi ya kiwanda. I zilipungua chache kuliko E. Na kingo zinashika kutu haraka kwa unyevu wa Dar. Furushi likishafunguliwa, usilale nalo wiki.

Msivinunue vibati hivi kwa ajili ya mota, kuna kijana kaniuliza. Kwenye mota usumaku unazunguka pande zote, kwa hiyo bati lenye upande mmoja mzuri linakusaliti kila robo ya mzunguko. Huko ndiko nyumbani kwa lile lisiloelekezwa. Na kama unasuka mota upya, jihadhari na kile kile nilichosema cha moto: kuchoma waya wa zamani kwa gesi ya kulehemu kunaua ngozi ya vibati vya statoa, ile sehemu ya mota isiyozunguka. Tumia tanuri, usipite nyuzi 370.

Muuzaji ana EI-66, 86, 96 na 114. EI-133 inaisha siku anayoishusha, mwachie namba ya simu. Mwambie akutolee furushi lililofungwa, usikubali la kupimwa kwa kilo kutoka kwenye boksi lililo wazi, na ukifika uliza kama vimepikwa. Akikujibu "ndiyo" tazama kingo. Kama zinang'aa nyeupe, havijaona tanuri.